Roboti ya bei nafuu yenye macho ya Kinect: jenga yako hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa kuhusu roboti hizi ni yale yale. Kinect, ile kamera ya mashine ya gemu ya Xbox, haionekani kwenye kompyuta, nifanyeje? Nikiwasha mota, Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoiongoza roboti, inazima na kuwaka upya, kwa nini? Roboti inaona ukuta hata pale palipo wazi, kosa liko kwenye kodi? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa ujenzi wenyewe.

Nikuambie mapema: matatizo mengi ya roboti hii ni ya umeme, si ya programu. Anayeanza hufungua kompyuta kwanza, akashika bisibisi mwisho. Sisi tutaanza na betri.

Tunachojenga ni kigari chenye magurudumu mawili yanayoendeshwa na mota na moja dogo la kufuata. Kinatembea ndani ya nyumba au darasani, kinapima umbali wa vitu vilivyo mbele yake na kukata kona kabla ya kugonga. Macho yake ni Kinect ya Xbox 360, iliyoingia sokoni mwaka 2010. Microsoft iliacha kutengeneza Kinect mwaka 2017, kwa hiyo utakayoipata ni ya mtumba, na unafuu wenyewe uko hapo. Xbox ikifa, Kinect yake hubaki juu ya kabati ikila vumbi. Ulizia kwa mafundi wa gemu, Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, kabla ya kuagiza nje. Bei siitaji, maana muuzaji hukutazama usoni kwanza.

Wazo lenyewe si geni. TurtleBot ya kwanza, roboti ya kujifunzia iliyoundwa na Melonee Wise na Tully Foote pale Willow Garage, kampuni ya roboti ya Marekani, mwaka 2010, ilikuwa Kinect iliyopachikwa juu ya kigari cha iRobot.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kinect ya Xbox 360. Geuza chini usome namba ya modeli. Ukipata 1414, chukua hiyo. Ya 1473 kamera yake inafanya kazi vizuri, ila mota ya shingo ina usumbufu wake.
- Waya wa kuunganishia Kinect na kompyuta, ule wenye USB upande mmoja na adapta ya volti 12 upande mwingine. Plagi ya Kinect hii si ya kawaida, haiingii kwenye tundu la USB. Kinect bila waya huu usiinunue mpaka uwe umeuona waya kwa macho yako.
- Raspberry Pi 4 na memori kadi ya GB 16 au zaidi.
- Mota mbili za giya za volti 12, zenye mizunguko kama 100 kwa dakika, na magurudumu ya milimita 65. Achana na zile mota za njano za plastiki. Ni rahisi, lakini Kinect pamoja na betri vitazilemea.
- Bodi ya kuendeshea mota, L298N.
- Betri ya lithiamu ya seli tatu kwa mfululizo zenye bodi ya ulinzi, BMS, pamoja na chaja yake. Seli za 18650 mbilimbili sambamba, yaani sita kwa jumla, zinatosha.
- Kishusha volti cha ampea 5 kwa ajili ya Raspberry Pi, na kingine kinachoweza kupandisha na kushusha volti kwa ajili ya Kinect, chenye uwezo wa ampea 2.
- Fyuzi ya ampea 5 na kishikio chake, swichi, plaiwudi ya milimita 6, skrubu, vibanio vya plastiki.
- Maltimita, kifaa cha kupimia volti. Kama bajeti imebana, punguza kingine chochote lakini si hiki.

Neno kuhusu seli za 18650. Ukiona imeandikwa mAh 9900, hiyo ni feki. Seli halisi za ukubwa huo haziendi mbali kupita mAh 3600, na nyingi nzuri ziko kati ya 2500 na 3000. Ipime mkononi pia: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, na feki nyingi ni nyepesi ajabu.

Nadharia, kidogo tu

Kinect inamwaga nukta nyingi za mwanga wa infraredi ambazo jicho halizioni. Kamera ya pembeni inatazama nukta hizo zilivyosogea, na kutokana na hapo chipu inakokotoa umbali. Unapata picha ya pikseli 640 kwa 480, mara 30 kwa sekunde, ambayo kila pikseli yake ni umbali badala ya rangi. Upana wa kuona ni nyuzi 57, wima nyuzi 43.

Kutokana na hayo, shika mambo matatu. Jua kali linazifuta nukta, kwa hiyo roboti hii ni ya ndani. Kioo na vitu vyeusi vinavyong'aa havirudishi nukta vizuri. Na kitu kilicho karibu zaidi ya nusu mita hakipimiki kabisa.

Hatua za ujenzi

1. Kata plaiwudi na ufunge mota. Sentimita 30 kwa 25 panatosha. Mota mbili zikae katikati ya urefu au nyuma kidogo, zikitazamana sawasawa, na gurudumu la kufuata liwe mbele. Betri iweke chini, katikati ya mota, kwa sababu uzito ukikaa juu roboti itapiga mweleka kila inaposimama ghafla.

2. Weka Kinect juu, lenzi ziwe sentimita 25 kutoka sakafuni, ikitazama mbele bila kuinama. Kimo hiki nimekichagua kwa hesabu utakayoiona hatua ya 8, usikibadili ovyo. Usilazimishe shingo ya Kinect kwa mkono. Ndani kuna giya ndogo za plastiki, na zikikatika hazina spea. Kama imeinama, weka vipande vya plaiwudi chini ya kitako mpaka ikae sawa.

3. Jenga njia ya umeme ukiwa hujaunganisha kitu chochote cha thamani. Kutoka chanya ya betri nenda kwenye fyuzi, kisha swichi, kisha gawa njia tatu: ya L298N, ya kishusha volti cha Raspberry Pi na ya kifaa cha Kinect. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, maana kazi yake ni kulinda waya wote unaofuata. Hasi zote zikutane sehemu moja.

 Sasa washa, shika maltimita na bisibisi ndogo, urekebishe. Kifaa cha Raspberry Pi kitoe volti 5.1. Cha Kinect kitoe volti 12. Vifaa hivi hutoka dukani vikiwa vimewekwa volti yoyote ile, na mara nyingi ni kubwa. Anayeunganisha kwanza halafu akapima baadaye, hununua Raspberry Pi mara mbili.

 Kwa nini Kinect isichomekwe moja kwa moja kwenye betri? Betri ya seli tatu ikijaa ina volti 12.6, ikikaribia kuisha ina 9. Kinect inataka 12. Ikishuka sana itaanza kupotea na kurudi, nawe utakesha ukitafuta kosa kwenye kodi isiyo na kosa.

4. Kata waya wa adapta ya Kinect. Kata kati ya boksi la adapta na plagi, ukiacha waya mrefu kila upande ili siku moja uweze kuirudisha. Ndani kuna nyaya mbili. Usiamini rangi. Chomeka adapta ukutani, pima ncha upande wa adapta, ujue ipi ni chanya, kisha weka alama nyaya za pande zote mbili. Chomoa, ndipo ulehemu upande wa plagi kwenye kile kifaa cha volti 12. Boksi la adapta limeandikwa volti 12 na ampea 1.08. Ndiyo sababu USB peke yake haiwezi kuilisha Kinect.

5. Unganisha L298N. Volti ya betri iingie kwenye alama ya 12V, hasi kwenye GND, mota mbili pande zake. Vifuniko vidogo vya ENA na ENB viache vilivyo. Kisha nyaya nne kwenda kwenye pini za Raspberry Pi, zinazoitwa GPIO: IN1 kwa GPIO 17, IN2 kwa 27, IN3 kwa 22, IN4 kwa 23.

 Halafu waya wa tano, ambao kila anayeanza anausahau: GND ya L298N iungane na GND ya Raspberry Pi. Bila huo mota zitatetemeka, zitakwenda zitakavyo au hazitakwenda kabisa.

 Bodi hii ina tundu la volti 5 linalotamanisha. Usilishe Raspberry Pi kutoka hapo. Halina nguvu hiyo.

6. Jaribu mota peke yake. Nyanyua roboti juu ya kopo ili magurudumu yaning'inie. Raspberry Pi ilishwe kwa waya wa USB-C kutoka kwenye kishusha volti. Kwenye Python, ukitumia gpiozero ambayo huja na Raspberry Pi OS kamili, amuru kila gurudumu kwenda mbele. Likienda kinyume, badilisha nyaya mbili za mota hiyo pale kwenye L298N, usiguse kodi. Kisha washa mota zote mbili na uandike amri hii kwenye dirisha la amri (terminal):

 `vcgencmd get_throttled`

 Ukijibiwa 0x0, umeme umekaa vizuri. Ukipata kitu kama 0x50005, Raspberry Pi inakosa volti. Hapo hapo simama, usisonge hatua ya 7. Angalia unene wa waya wa USB-C, maana nyaya za kuchajia simu za bei ya kutupa hupoteza volti njiani, kisha pima tena kishusha volti mota zikiwa zinazunguka.

7. Ifanye kompyuta iione Kinect. Mwaka 2010 Hector Martin alifungua njia ya kuitumia Kinect nje ya Xbox, na kutokana na kazi hiyo tuna programu huria ya libfreenect. Chomeka Kinect kwenye tundu la USB jeusi, washa, uandike `lsusb`. Unatakiwa kuona NUI Camera na NUI Audio, na kwa modeli ya 1414 NUI Motor pia. Ukiona Motor tu bila Camera, volti 12 haijafika. Rudi hatua ya 4.

 Kisha weka programu:

```
sudo apt install git cmake build-essential libusb-1.0-0-dev cython3 python3-dev python3-numpy
git clone https://github.com/OpenKinect/libfreenect
mkdir libfreenect/build && cd libfreenect/build
cmake .. -DBUILD_PYTHON3=ON -DBUILD_EXAMPLES=OFF
make && sudo make install && sudo ldconfig
sudo cp ../platform/linux/udev/51-kinect.rules /etc/udev/rules.d/
```

 Mstari wa mwisho unampa mtumiaji wa kawaida ruhusa ya kuigusa Kinect. Ukishamaliza, washa upya.

 Sasa weka boksi mita moja mbele ya Kinect, upime kwa futi ya fundi, usome pikseli ya katikati, yaani `mm[240, 320]`, ukitumia mstari unaoanza na `mm =` kwenye kodi ya hatua ya 9. Tofauti ya sentimita moja au mbili isikusumbue. Tofauti ya nusu mita ina maana unasoma pikseli nyingine.

8. Chagua sehemu ya picha utakayoitazama. Ukichukua picha nzima, roboti itaiona sakafu na kuidhania ukuta. Lenzi ikiwa sentimita 25 juu na ikitazama sawa, mstari wa 400 wa pikseli, ukihesabu kutoka juu ya picha, unaigusa sakafu kama sentimita 90 mbele. Tukiamua kusimama kitu kikiwa sentimita 80, basi mistari ya 200 hadi 400 iko salama: sakafu haitakaribia kuliko kipimo chetu, na kwa umbali huo bado kitu chenye kimo cha zaidi ya sentimita 3 kinaonekana. Ukipandisha au kushusha Kinect, hesabu hii inavurugika.

 Pikseli 8 za mwisho upande wa kulia ziache. Huwa hazina kipimo.

9. Mpe akili. Nakili hii kama ilivyo, ifanye kazi kwanza, ndipo uichezee.

```
import freenect
import numpy as np
from gpiozero import Motor

kushoto = Motor(17, 27)
kulia = Motor(22, 23)

def nafasi(sehemu):
    halali = sehemu[sehemu > 0]
    if halali.size < 0.6 * sehemu.size:
        return 0
    return np.percentile(halali, 5)

try:
    while True:
        mm = freenect.sync_get_depth(0, freenect.DEPTH_MM)[0]
        eneo = mm[200:400, :632]
        ks, kt, kl = [nafasi(s) for s in np.array_split(eneo, 3, axis=1)]
        if kt > 800:
            kushoto.forward(0.5)
            kulia.forward(0.5)
        elif ks > kl:
            kushoto.backward(0.4)
            kulia.forward(0.4)
        else:
            kushoto.forward(0.4)
            kulia.backward(0.4)
finally:
    kushoto.stop()
    kulia.stop()
```

 Tulia kidogo kwenye ile `nafasi`, maana hapo ndipo roboti nyingi zinapoharibika. Pikseli ambayo Kinect imeshindwa kuipima inarudi na sifuri. Sifuri hiyo haina maana ya "kitu kimegusa pua", wala haina maana ya "mbele peupe". Maana yake ni sijui. Ukitafuta namba ndogo kuliko zote bila kuzichuja sifuri, roboti itaona ukuta kila mahali na kuzunguka palepale kama pia. Wengine huzichuja, wakashangilia, halafu roboti inakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kioo, kwa sababu kioo chote ni sifuri na zimetupwa. Kodi hii inafanya yote mawili: inachuja sifuri, lakini zikizidi asilimia 40 ya sehemu inayotazamwa inahesabu kwamba njia imefungwa. Roboti isiyojua isitembee.

 Asilimia 5 ndani ya `percentile` inazuia pikseli chache za uongo zisiisimamishe roboti. Ila ina gharama. Mguu wa stuli wa sentimita moja na nusu, kwa umbali wa sentimita 80, unachukua karibu asilimia 5 tu ya theluthi ya picha, kwa hiyo unaweza kupita bila kuonekana. Nyumbani kwenye viti vyembamba shusha iwe 2.

10. Iweke chini. Mara ya kwanza tembea nayo, mkono ukiwa karibu na swichi. Weka kiti mbele yake, kikizidi upande wa kushoto, uone kama inakata kulia. Ikikielekea kiti, umebadilisha mota za kushoto na kulia. Kwa nusu nguvu mwendo hauzidi theluthi moja ya mita kwa sekunde, kwa hiyo una muda wa kuiwahi.

Makosa yanayogharimu

Usichaji betri ya lithiamu ukiwa umelala au umetoka, na usitumie chaja isiyo ya seli tatu. Seli ulizong'oa kwenye betri za laptopu zichanganye tu kama zina volti na uwezo unaofanana, la sivyo moja itachoka mapema na kuziburuta nyingine.

Usichomoe Kinect kwa kuvuta waya wakati programu inasoma. Zima kwanza.

Na usiache roboti karibu na ngazi. Kinect inatazama kilichosimama mbele. Shimo haioni, na kodi yetu haijaambiwa ilitafute.

Ikigoma

*Kamera inaonekana kwenye lsusb lakini Python inasema haiwezi kuifungua.* Linux yenyewe huwahi kuishika Kinect kama kamera ya kawaida. Andika `sudo modprobe -r gspca_kinect`, ujaribu tena. Ikikubali, iorodheshe kwenye orodha ya moduli zilizozuiwa ili isirudi kila unapowasha.

*Python haiijui freenect kabisa.* Tafuta faili lake kwa `sudo find / -name "freenect*.so"`. Mara nyingi limewekwa kwenye folda ambayo Python haiangalii. Ongeza folda hiyo kwenye PYTHONPATH, orodha ya folda ambazo Python huzipekua.

*Picha inakuja, inakatika, inakuja.* Pima volti 12 ya Kinect huku mota zikigeuka mbele na nyuma. Ikicheza chini ya 11.5, kifaa chako cha volti ni dhaifu au betri imekwisha. Ikitulia, ondoa kitu kingine chochote kilichochomekwa USB, hasa hub.

*Roboti inajizungusha bila kukoma.* Chapisha thamani tatu za `ks`, `kt` na `kl`. Zote zikiwa 0, kuna jua dirishani au umeiweka chini ya nusu mita kutoka ukutani. Zikiwa kati ya 600 na 800 kwenye chumba kitupu, Kinect imeinama na unaisoma sakafu.

*Haiendi mbele kwa unyoofu.* Mota mbili za modeli moja hazilingani kamwe. Punguza nguvu ya ile yenye kasi, mfano 0.5 kwa 0.47. Ikizidi hapo, angalia skrubu ya gurudumu kabla ya kulaumu mota.

*Inagonga vitu vya chini vilivyo karibu.* Ni lile eneo la nusu mita lisiloonekana. Sensa ya HC-SR04, inayopima umbali kwa sauti, upande wa mbele itasaidia, lakini waya wake wa Echo hutoa volti 5 na GPIO inavumilia 3.3 tu. Weka rezista ya kilo-omu 1 kutoka Echo kwenda GPIO, na ya 2 kutoka GPIO kwenda GND. Swichi mbili za bampa ni rahisi zaidi, na mimi ningeanza na hizo.

*Umetaka ichore ramani ya nyumba.* Itawezekana kwa ROS 2, programu huria za roboti, ila nunua kwanza mota zenye enkoda, yaani kihesabu mizunguko. Bila kujua magurudumu yamezunguka kiasi gani, na kwa macho yenye upana wa nyuzi 57 tu, ramani itajikunja kwenye kona ya pili.